Alfa 159 Sportwagon: shajara ya kununua na kutengeneza gari la Kiitaliano, mkono wa nne

Septemba: kabla ya kutoa hela

Zafira yetu, gari la familia la Vauxhall, imeenda skrepa. Injini ilikuwa bado nzima, ila kutu ilishakula sehemu za chini ambazo hakuna fundi anayekubali kuzichomelea kwa bei ya kibinadamu. Natafuta gari jingine, na naandika humu ili siku nikilaumiwa nyumbani niwe na kumbukumbu.

Masharti ni machache. Liwe na buti refu, maana mke wangu anapikia harusi za Waswahili kuanzia Northampton hadi Luton, na sufuria la pilau la watu mia halipandi basi. Liwe la dizeli, kwa sababu safari yangu ya kazini ni A421 kutoka hapa Bedford mpaka Milton Keynes, mwendo wa barabara kubwa asubuhi na jioni. Bei isivuke pauni 2,500, na pembeni nibaki na akiba isiyopungua nusu ya hiyo kwa ajili ya gereji. Gari la bei hii usipolitengea akiba siku unayolinunua, litakwenda kukopa lenyewe kwenye mshahara wako.

Nimeamua kutafuta Alfa Romeo 159 Sportwagon, yaani steshenwagoni. Kaka yangu aliyeko Tabata alipopata habari alinitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, sisi tumelelewa kwenye Corolla ya mzee. Kwani magari yameisha?" Jamaa wa hapa nao ni walewale: gari la Kiitaliano ni la kutazama, umeme wake una majini, na fundi wake atajenga nyumba kwa hela yako.

Sababu zangu ni hizi. Injini ya dizeli ya 1.9 JTDm yenye valvu 16 na nguvu za farasi 150 ndiyo ileile niliyokuwa naiendesha kwenye Zafira. Fiat na General Motors walikuwa na ubia kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, ubia ambao GM walilipa dola bilioni 2 ili watoke. Wakubwa waliachana, injini ikabaki kwa wote wawili. Ilitengenezwa Pratola Serra, kusini mwa Italia, ikafungwa kwenye Alfa na Fiat, na pia kwenye Opel, Vauxhall na Saab za GM, kila mmoja akaibandika herufi zake. Kwa miaka yote niliyokuwa na Zafira hakuna mtu aliyenionya kwamba natembelea injini ya Kiitaliano. Spea zake zimejaa kila duka.

Giaboksi pia si la Kiitaliano. Ni M32 ya gia sita, ya GM, kutoka kiwanda cha Aspern, Vienna. Na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu beringi zake zina sifa mbaya kila lilikofungwa. Kwa maneno mengine, ugonjwa mkubwa kwenye 159 ya dizeli umetoka Austria kwa agizo la Wamarekani, na lawama wanabeba Waitaliano.

Oktoba: kusaka

Hapa Uingereza kuna jambo moja ambalo wanunuzi wa magari kule Dar wangelilipia hela nzuri: historia ya MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka, iko wazi mtandaoni, bure. Unaingiza namba ya gari tu, unaona maili zilizosomwa kila mwaka, lilifeli nini, na mkaguzi alitoa tahadhari gani. Mimi husoma tahadhari kabla ya kufeli. Kilichofelisha gari lazima kitengenezwe, la sivyo halipiti. Tahadhari inaweza kupuuzwa na wamiliki watatu mfululizo.

Kwa 159, neno la kutafuta ni sabfremu ya mbele, ile fremu ya chuma iliyo chini ya injini na kushika mikono ya chini ya magurudumu. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu inaila. Ukiona "kutu ya juujuu" mwaka mmoja, mwaka unaofuata "kutu", halafu mwaka wa tatu kimya, basi ama imebadilishwa au imepakwa rangi. Omba risiti.

Gari la kwanza lilikuwa Milton Keynes, jekundu, la kuvutia kiasi cha kusahaulisha hesabu. Chini lilikuwa limepakwa dawa nyeusi ambayo bado ilikuwa inanukia. Muuzaji akasema amelilinda kwa ajili ya msimu wa baridi. Nikagonga sabfremu kwa mpini wa bisibisi; upande mmoja ulilia kichuma, upande wa pili ukatoa sauti ya bati lililooza. Nikamshukuru, nikaondoka.

La pili lilikuwa na bei nzuri kupita kiasi. Niliingiza kidole kwenye bomba la ekzosi, kikatoka cheusi tii. Gari la dizeli la mwaka 2008 lenye chujio la moshi zima linatakiwa kuwa na bomba karibu safi. Masizi yakiwa mengi namna ile, ujue chujio limetobolewa au limepasuliwa na kubaki ganda. Tangu 2014 mkaguzi wa MOT akikuta chujio limetolewa anafelisha gari, na kurudisha jipya kunaweza kula nusu ya bei ya gari lenyewe.

La tatu ndilo nililonunua. La mwaka 2009, bluu iliyokolea, maili 104,000, mimi nikiwa mmiliki wa nne. Muuzaji ni mstaafu mwenye faili la risiti lililopangwa kwa miaka. Nilimwomba kwa simu asiliwashe kabla sijafika, na nilipofika jambo la kwanza nilishika boneti. Lilikuwa baridi. Likawaka mara moja, moshi kidogo mweupe, likatulia.

Barabarani jaribio la M32 ni rahisi na kila mnunuzi alijue. Weka gia ya tano, kanyaga mafuta, achia ghafla, kanyaga tena, macho yakiwa kwenye kijiti cha gia. Kikisogea mbele na nyuma kufuata mguu wako, shafti ndani imeanza kucheza na beringi zinaelekea kwisha. Rudia kwenye gia ya kwanza na ya sita. Hiki kilitulia kwenye ya kwanza na ya tano. Kwenye ya sita kijiti hakikusogea, ila palikuwa na mluzi mwembamba, wa birika linalokaribia kuchemka. Nikauandika.

Risiti zilionyesha mkanda wa taiming ulibadilishwa miaka sita iliyopita. Hilo na ule mluzi ndivyo vilivyonipa kauli kwenye bei. Alitaka 2,350, tukamalizana kwa 1,900. Mke wangu alilizunguka mara moja akauliza kwa nini namba ya mbele imewekwa pembeni. Nikamwambia ni kwa sababu ngao ya Alfa inakaa katikati na haipishi mtu.

Novemba: mkanda, na kilichokuwa chini

Bedford ina Waitaliano wengi kuliko mgeni anavyodhani. Miaka ya 1950 viwanda vya matofali vya eneo hili vilileta vijana kutoka kusini mwa Italia, wakaoa, wakabaki. Fundi wangu ni mtoto wa mmoja wao. Kiingereza chake ni cha hapahapa, ila nati ikigoma anabadili lugha. Nilimpelekea gari nikitegemea atalifurahia. Akalitazama, akasema yeye anaendesha Honda.

Kazi ya kwanza ilikuwa mkanda wa taiming pamoja na tensheni na pampu ya maji, maana pampu inazungushwa na mkanda uleule. Ukibadilisha mkanda ukaiacha pampu ya zamani, siku pampu ikikwama inauondoa mkanda mpya. Na kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Hapo matengenezo ni makubwa, na unaweza kuishia kutafuta injini nyingine. Fundi wangu havushi miaka mitano, maili ziwe nyingi au chache.

Halafu akafungua kinga ya chini ya injini, na hapo ndipo Novemba yangu ilipoishia.

Ile kinga ni nzuri kwa kuzuia kelele na upepo, lakini inahifadhi majani, tope na chumvi mgongoni mwake, palepale chini ya sabfremu. Alipoishusha, uchafu wenye unyevu ulimwagika sakafuni na vipande vya kutu vyembamba kama magamba vikiwemo. Nilichokuwa nimeona kwa tochi kupitia tundu siku ya kununua kilikuwa sehemu iliyo nzuri. Pembe ya nyuma, upande wa abiria, ilikuwa imevimba. Akachukua nyundo ndogo akaanza kuigonga taratibu, inchi kwa inchi, akisikiliza. Magamba yakadondoka, na chini yake chuma kikajibu sauti ngumu. Haikuwa imetoboka. "Ungesubiri misimu miwili ya baridi," akasema, "ungekuwa unanunua nyingine."

Ndipo akanipa historia ambayo wazee wa Kiingereza wote wa rika lake wanaikumbuka. Mwaka 1980 Lancia walilazimika kununua tena magari yao ya Beta kutoka kwa wateja hapa Uingereza, kwa sababu kutu ilikuwa imekula sehemu zinazoshikilia sabfremu ya injini. Magazeti yaliishikia bango habari ile. Jina la Lancia halikupona kabisa, na mwaka 1994 walifunga virago sokoni hapa. Hofu ninayotishiwa nayo leo kila nikitaja Alfa ilizaliwa wakati ule, kwenye gari jingine la Kiitaliano. Ajabu ni kwamba kiungo chenyewe ni kilekile: sabfremu. Alfa 159 ina bodi nzuri iliyopigwa mabati ya kuzuia kutu. Nimeitafuta kutu milangoni na kwenye matao ya magurudumu sikuiona. Ila ile fremu ya chini ni kama waliisahau.

Kulikuwa na njia mbili: kusugua na kupaka ikiwa palepale kwenye gari, au kuishusha. Tumeishusha. Injini ikaning'inizwa kwa mhimili kutoka juu, kila kilichofungwa kwenye sabfremu kikafunguliwa, boliti mbili zikagoma mpaka zikapigwa moto. Ikapelekwa kupigwa mchanga, ikarudi rangi ya kijivu, ikapakwa praima ya zinki, rangi, na nta ndani ya matundu. Bushi za mikono ya chini zikabadilishwa kwa kuwa tulishafika huko. Akiba ya gereji ikabaki shingoni. Kinga ya chini nimeirudisha, lakini sasa naishusha na kuiosha kila nikibadilisha oili, na kama una 159 fanya hivyo hata usipofanya kingine chochote.

Desemba: pumzi

Asubuhi moja ya baridi gari likawa zito. Chini ya mizunguko 2,000 halivuti, juu ya hapo linaamka ghafla, na taa ya injini ikawaka. Nina MultiECUScan, programu ya kusoma hitilafu za gari, kwenye kompyuta mpakato na kebo yake. Kwa mwenye Fiat, Alfa au Lancia hii ni lazima kama spana ya gurudumu. Ikanitajia vizibo vya hewa kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini.

Huu ugonjwa tulishafahamiana kwenye Zafira. Valvu ya EGR inarudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza gesi chafu. Moshi una masizi. Masizi yanakutana na mvuke wa oili unaopumuliwa na injini, vinakuwa lami. Lami inabana vile vizibo vidogo vilivyo ndani ya manifoldi, mkono unaovizungusha unalazimisha, mwishowe unachomoka kwenye kichwa chake. Ndivyo nilivyoukuta, ukining'inia.

Nilifungua manifoldi mwenyewe. Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamebaki kidogo kuliko nusu ya upana wake. Nilikwangua kwa kisu butu, lami ikitoka vipande vinene. Angalizo: usitumie dawa ya kusafishia oveni. Inakata lami vizuri mno, lakini ina magadi makali yanayokula alumini. Nilitumia dizeli, brashi na uvumilivu. EGR nimeisafisha, gasketi mpya, mkono mpya. Gari likarudisha pumzi.

Januari: chujio la moshi lasingiziwa

Likizo ya shule ilikuwa ya safari fupi fupi: dukani, msikitini, dukani tena. Taa ya chujio la moshi ikawaka. Ushauri wa haraka unaotolewa mitaani ni kulipasua chujio na kufuta programu yake. Nimeshasema juu ya MOT, na tena mimi nina watoto wanaovuta hewa nyuma ya magari ya watu wengine.

Chujio hujisafisha lenyewe kwa kuchoma masizi. Kompyuta inaongeza dizeli mwishoni mwa mpigo, ekzosi inapata moto mkali, masizi yanaungua na kutoka kama gesi. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo mara kwa mara, dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Nilivuta kijiti cha oili: kiwango kilikuwa kimepanda juu ya alama. Oili inayoongezeka ni dalili mbaya kuliko inayopungua, maana imekuwa nyepesi na haiwezi tena kulinda injini.

Ila nilikuwa na swali. Mwezi uliotangulia nilikuwa naenda kazini kila siku kwa A421. Kwa nini chujio halikuwa limejisafisha huko? Nikawasha programu nikiwa barabarani, mke wangu akinisomea namba. Joto la maji ya injini lilikuwa linacheza nyuzi 72, 74, likishuka hadi 69 kwenye mteremko. Lilitakiwa kukaa karibu na 88. Thamostati ilikuwa imekwama wazi. Injini haijawahi kupata joto kamili tangu baridi ianze, na injini isiyopata joto haianzishi kuchoma masizi.

Hili ni tatizo la kawaida sana kwenye 1.9 JTDm, na linakwenda kimya kwa sababu gari halichemshi, hitahita inafanya kazi kiasi, na mshale wa joto usipoutazama vizuri unaona kama uko sawa. Watu wanabadilisha chujio la mamia ya pauni kwa kosa la thamostati. Nimefunga thamostati mpya na oili mpya ya majivu machache, ile yenye alama ya C3. Halafu nikaenda nalo M1 kwenye gia ya nne bila haraka, nikitazama asilimia ya masizi ikishuka kwenye skrini. Taa haijarudi.

Februari: vidogovidogo

Mikono ya juu ya mbele inalia kila nikipita tuta, sauti ya kitanda cha zamani. Kila 159 inafika hapo. Nimebadilisha yote miwili, kazi ya asubuhi moja.

Buti ni lita 445. Passat na Octavia za steshenwagoni zinalizidi mbali, na kioo cha nyuma kimelala kwa ajili ya urembo: Giugiaro aliyechora gari hili hakuwahi kubeba sufuria la pilau. Sufuria kubwa linaingia likilazwa upande tu, mfuniko ukae kiti cha nyuma. Viti vikilazwa tunapata lita 1,235 na hapo hakuna ugomvi, isipokuwa watoto inabidi wapande gari la shangazi yao.

London ni habari nyingine. Tangu Agosti 2023 ada ya hewa safi inahusu mitaa yote ya jiji, na dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipa pauni 12.50 kwa siku. Hakuna 159 ya dizeli inayofikia, kwa kuwa uzalishaji ulikoma 2011. Ungekuwa unaishi huko, gari hili halikufai hata ukipewa bure. Sisi tunaenda kwa nadra, na hiyo 12.50 sasa imo kwenye bei ya biriani.

Machi: MOT na giaboksi

Limepita. Tahadhari ni moja, tairi la mbele limelika upande wa ndani, kwa hiyo nimepeleka magurudumu kupangwa upya. Sabfremu haikutajwa, na safari hii nina risiti na picha za kumwonyesha mnunuzi atakayeuliza.

Nikipiga hesabu, vyote nilivyotengeneza kwenye injini tangu Novemba ningevitengeneza vilevile kwenye Vauxhall au Saab. Cha Alfa mwenyewe ni sabfremu na ile mikono ya juu. Kaka yangu nilimtumia orodha. Akajibu kwamba kwenye Corolla ya mzee tulibadilisha plagi. Ni kweli, sikumbishia.

Imebaki M32. Nimemwaga oili yake. Ilitoka kidogo na ya kijivu, yenye chembe zinazong'aa ukiigeuza kwenye mwanga. Nimejaza mpya, na mluzi umepungua lakini upo, gia ya sita tu, kati ya maili 55 na 65 kwa saa. Mafundi wawili wa magiaboksi wamenipa bei ya kufunga beringi mpya zote, na bei zao zimepishana kwa pauni 80 tu, jambo linalonifanya niziamini. Wote wamesema nisisubiri shafti itoboe ganda, kwa sababu hapo hakuna cha kukarabati. Kuanzia sasa naendesha kwa gia ya tano. Dizeli inaongezeka kidogo, sijali.

Giaboksi litashushwa Juni, baada ya harusi mbili za Luton ambazo mke wangu ameshapokea arbuni. Klachi na flaiwili vitabadilishwa palepale maana kazi ya kushusha ni ileile. Fundi ameshaniambia nilete gari likiwa na tangi karibu tupu ili lisimwelemee kwenye jeki, na nisije siku Juventus wanacheza.